Dumuzi: Mdudu Mgeni wa Ghala na Njia ya Tunduma

Kila nahodha anayepandisha chombo chake pwani ili kukikwangua na kukipaka deheni anawafahamu viumbe wanaojishikiza chini ya maji: chaza wadogo, majani ya bahari, na wale wanyama laini mfano wa vifuko ambao wakibinywa hurusha maji. Mtoto wa mnyama huyo wa mwisho, akiisha kuanguliwa, huogelea kwa saa chache tu, au siku moja hivi, kisha hutafuta mahali pa kujibandika na hahami tena. Kiumbe wa namna hiyo hana uwezo wa kuvuka bahari kwa nguvu zake mwenyewe. Hata hivyo aina moja yake, ambayo asili yake inasadikiwa kuwa Japani, leo imetanda katika bandari za Ulaya, Marekani na New Zealand, ikifunika mawe, kamba na mashamba ya chaza kama ngozi. Aliyeivusha ni binadamu, kwa vyombo vyake.

Nchi kavu nayo ina wageni wake. Wakaazi wa Unguja hawahitaji kuelezwa habari za kunguru wa Bara Hindi, ambaye aliletwa kisiwani katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, na ambaye hadi leo hajaondoka. Somo hili, hata hivyo, linamhusu mgeni mwingine, mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye ameleta hasara kubwa zaidi kuliko kunguru, na ambaye mojawapo ya njia zake kuu ilipitia mji usio na bahari kabisa: Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mdudu huyo ni dumuzi.

Dumuzi ni mbawakavu. Wataalamu humwita Prostephanus truncatus, na maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa mwaka 1878. Kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, ambako amekuwa akila mahindi ya wakulima na pia kutoboa matawi makavu ya miti msituni. Kwa muda wa karibu miaka mia moja baada ya kupewa jina hilo, Afrika haikumfahamu. Mnamo mwaka 1981 taarifa za kwanza zilitolewa kutoka Mkoa wa Tabora kwamba kuna mdudu ambaye hakuwa fukusi wala nondo wa nafaka, naye alikuwa akigeuza mahindi kuwa unga ghalani. Inasadikiwa kwamba aliingia nchini miaka michache kabla ya hapo, ndani ya mahindi yaliyoagizwa kutoka ng'ambo wakati wa upungufu wa chakula wa miaka ya 1970. Chakula kilicholetwa kuokoa watu ndicho kilichombeba.

Wakulima wa Tabora walimwita Scania, jina la malori makubwa ya wakati huo. Jina hilo lilimfaa kwa namna mbili, kwani mdudu alikuwa na nguvu za lori na pia alisafiri kwa lori. Kutoka Tabora alifuata njia za reli na barabara pamoja na magunia. Mwaka 1983 alionekana Taveta, upande wa Kenya. Mwaka 1984 alikuwa Burundi. Mwaka huo huo aligunduliwa Togo, upande wa pili wa bara, na hapo ni dhahiri kwamba hakutoka Tabora kwa kuruka, bali ulikuwa uingizaji mwingine wa peke yake kutoka Amerika. Kuanzia hapo Afrika ilikuwa na mioto miwili inayoelekeana.

Upande wa kusini, njia ilikuwa wazi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Mbeya na kuishia Tunduma. Reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970, ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi na huvuka mpaka papo hapo. Eneo lote hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ulipoanzishwa Mkoa wa Songwe wenye makao makuu yake Vwawa. Mkoa huo umo miongoni mwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ambayo nchi nzima huitegemea kwa mahindi. Una uwanda wa juu wenye baridi huko Mbozi, na una mabonde ya joto upande wa Momba, kuelekea Ziwa Rukwa. Una mpaka na nchi mbili, Zambia na Malawi. Mtu akitaka kuchagua mahali pa kumvusha mdudu wa mahindi kutoka Afrika Mashariki kwenda Afrika ya Kusini, ni shida kupata pengine panapofaa zaidi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dumuzi alionekana kaskazini mwa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Mwaka 1993 aligunduliwa Nakonde, mji wa Zambia ambao umetenganishwa na Tunduma kwa mstari wa mpaka tu. Mpita njia asiyeangalia bendera anaweza kudhani kwamba Tunduma na Nakonde ni mji mmoja. Watu huvuka kwa miguu na kwa baiskeli, na mahindi huvuka pamoja nao, safari hii kwenda huku, safari ijayo kwenda kule, kwa kufuata bei. Tangu hapo Zambia haikuwa tena nchi isiyo na dumuzi. Namibia iliripotiwa mwaka 1998, na mwaka 1999 alipatikana Afrika Kusini katika Hifadhi ya Kruger, ambamo hakuna ghala la mkulima hata moja. Habari hiyo ya Kruger inapaswa kuzingatiwa, maana inathibitisha kwamba mdudu huyu akiisha kuingia katika nchi hakai katika magunia tu, bali hurudia tabia yake ya kwao na kuishi porini ndani ya miti mikavu.

Ni vyema sasa kueleza namna ya kumtambua. Dumuzi ana urefu wa milimita 3 hadi 4 na nusu, rangi ya hudhurungi iliyokoza au nyeusi, na umbo la mviringo kama kipande cha msumari. Kichwa chake kimeinamia chini ya kifua hata hakionekani kwa juu. Sehemu yake ya nyuma ni kama imekatwa kwa kisu. Fukusi, kinyume chake, ana mdomo mrefu uliochongoka kama mkonga, na tundu lake katika punje ni moja, la mviringo, safi. Dumuzi hana mkonga. Yeye hutoboa njia kutoka punje hadi punje, hupita katikati ya gunzi, na kila atobolapo huacha unga mwingi. Mkulima akilitikisa hindi likamwagika vumbi jeupe kama la kinu, hana haja ya kutafuta darubini.

Jike hutaga mayai katika vijinjia vya pembeni ndani ya punje. Joto likiwa nyuzi 32 hivi, na unyevu ukiwa wa kutosha, yai huweza kuwa mdudu kamili kwa muda usiofika mwezi mmoja. Mahali pa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana katika mkoa mmoja hasara hutofautiana. Ghala la bonde la Momba haliwezi kulinganishwa na ghala la Mbozi juu. Jambo jingine linalomtofautisha na wadudu wengine wa ghalani ni kwamba ukavu haumzuii. Fukusi hudhoofika punje ikikauka sana. Dumuzi huendelea kula hata nafaka ambayo unyevu wake umeshuka hadi 9 kwa mia. Ushauri wa miaka mingi kwamba "kausha vizuri na ghala litakuwa salama" ulikuwa ushauri sahihi kwa wadudu wa zamani. Kwa huyu, kukausha ni lazima bado, lakini hakutoshi.

Hasara yake ilipimwa Tanzania katika miaka ya mwanzo. Kabla ya dumuzi, mkulima aliyehifadhi mahindi kwa kawaida alipoteza kiasi kisichozidi 5 kwa mia ya uzito kwa msimu kutokana na fukusi na wenzake. Katika maghala yaliyoingiwa na dumuzi wastani ulipanda hadi karibu 9 kwa mia, na katika yale yaliyoshambuliwa vibaya zaidi ilipotea karibu theluthi moja ya uzito ndani ya miezi 3 hadi 6. Wastani huo usimpumbaze msomaji. Familia haili wastani. Kaya iliyoweka magunia 10 ya kilo 90 na kupoteza theluthi imepoteza kilo 300, yaani magunia matatu na zaidi, na kile kilichobaki kimejaa unga na mabuu, hakiuziki sokoni, wala hakifai kwa mbegu. Kwa makopa ya muhogo hali ni mbaya zaidi. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionesha kwamba muhogo mkavu usiovundikwa ulipoteza karibu robo tatu ya uzito wake kwa miezi 4, na uliovundikwa ulipoteza zaidi ya nusu.

Athari hizo hufika mbali kuliko ghala. Mavuno ya Songwe huanza baada ya mvua kukatika, na bei huwa chini wakati huo kwa sababu kila mtu ana mahindi. Bei hupanda miezi ya Januari na Februari, wakati shamba jipya bado ni kijani. Mkulima mwenye ghala salama anaweza kungoja. Mkulima anayemwogopa dumuzi hawezi, hivyo huuza mwezi wa Julai kwa bei ya Julai, na baadhi yao hulazimika kununua mahindi hayo hayo mwezi wa Februari kwa bei ya Februari. Mdudu hakula mahindi ya mtu huyo hata punje moja, lakini amemfilisi. Hasara ya namna hii haionekani katika hesabu za uzito, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote.

Mapambano dhidi ya dumuzi yana historia yenye mafunzo. Desturi ya wakulima wengi wa Tanzania ilikuwa kuhifadhi mahindi yakiwa katika magunzi, na maganda yake yakiwa yamebaki, ama katika kihenge ama darini juu ya moshi wa jiko. Desturi hiyo haikuwa ya kijinga. Ganda lililofunga vizuri humzuia fukusi, na moshi humfukuza. Lakini dumuzi hupenda hindi likiwa bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zilizoshikana humpa mahali imara pa kujitegemeza anapotoboa. Punje zilizopukuchuliwa huteleza na kumsumbua. Huanza mara nyingi kwa kutoboa gunzi lenyewe, na huzifikia punje kupitia nchani, kwa kutambaa kati ya ganda na hindi. Maana yake ni kwamba njia ile ile iliyowalinda wazee dhidi ya fukusi ilimfungulia dumuzi mlango.

Kwa hiyo, kampeni iliyoendeshwa nchini katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), iliwataka wakulima wapukuchue mahindi mara baada ya kuyakausha, wayachanganye na dawa ya vumbi, kisha wayaweke katika magunia au vihenge vilivyosiribwa. Maneno hayo ni mepesi kuandikwa. Kupukuchua magunia 20 kwa mikono wakati ambapo bado kuna kazi nyingine za msimu ni mzigo mkubwa, na mara nyingi huwaangukia akina mama na watoto. Baadhi ya wakulima walisitasita, na hawakuwa na makosa kusitasita.

Dawa nayo ilikuwa na tatizo lake. Viuatilifu vya vumbi vilivyozoeleka, vya kundi lenye pirimifosi-methili, viliua fukusi vizuri lakini havikumtosha dumuzi. Vile vya kundi la pairethroidi, kama permethrini, vilimuua dumuzi lakini vilikuwa hafifu kwa fukusi. Mkulima akitumia kimoja, anaacha adui mmoja hai. Suluhisho lilikuwa kuchanganya viwili hivyo katika pakiti moja, na ndiyo asili ya dawa iliyojulikana kote nchini kwa jina la Actellic Super, ambayo kiwango chake kilikuwa gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Kiwango hicho ni cha kupimwa, siyo cha kukisiwa. Dawa ikizidi ni hatari kwa mlaji, na ikipungua humfundisha mdudu kuizoea. Dawa iliyokaa dukani muda mrefu, au iliyofunguliwa na kuuzwa kwa vijiko, hupoteza nguvu ilhali mnunuzi anaamini amekinga chakula chake.

Njia ya pili ilitafutwa kwao dumuzi mwenyewe. Huko Amerika ya Kati kuna mbawakavu mwingine mdogo, Teretrius nigrescens, ambaye chakula chake ni mayai na mabuu ya dumuzi, na ambaye humfuata kwa kunusa harufu ambayo dume la dumuzi hutoa kuwaita wenzake. Baada ya uchunguzi wa kuhakikisha kwamba hatageuka kuwa adui mwingine, aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na baadaye katika nchi nyingine. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Katika sehemu za joto na unyevu za Afrika Magharibi alipunguza idadi ya dumuzi kwa kiasi cha kuridhisha. Katika nyanda kavu au za baridi hakufanikiwa vile. Hata alipofanikiwa hakummaliza dumuzi, kwani mwindaji akimaliza windo naye hufa njaa. Harufu ile ile ya dume imewafaa pia wataalamu, ambao huiweka katika mitego ili kujua kama mdudu amefika mahali fulani kabla maghala hayajaharibika.

Katika miaka ya karibuni njia iliyopata kukubalika zaidi ni kuhifadhi bila hewa. Mfuko wa PICS, ambao chanzo chake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani juu ya kunde nchini Cameroon, una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia moja nje. Nafaka kavu ikifungwa humo, wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki hadi inakwisha, nao huacha kula na kufa. Hakuna dawa inayotumika. Sharti ni kwamba mahindi yawe makavu barabara, kwa sababu yakifungwa na unyevu yataota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu, ambayo ni hatari kuliko dumuzi. Ni lazima pia ikumbukwe kwamba dumuzi ni fundi wa kutoboa. Huweza kutoboa plastiki, hivyo mfuko hukaguliwa kwa kupulizwa hewa kabla ya kutumiwa tena. Maghala madogo ya bati yaliyozibwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa bei yake si ya kila mkulima.

Mpakani, kazi ni ya namna nyingine. Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ambapo lori husimama upande mmoja badala ya kusimama pande zote mbili. Shehena ya nafaka hukaguliwa na kuhitaji cheti cha afya ya mimea, na kwa Tanzania kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Shehena yenye wadudu hufukizwa kwa gesi ya fosfini. Ufukizaji huua kilichomo siku hiyo. Hauachi kinga yoyote. Magunia yaliyofukizwa yakipangwa karibu na mahindi yenye dumuzi usiku huo huo, kazi yote imepotea bure. Aidha, mkaguzi hukagua kinachopita mbele yake. Gunia linalovuka kwa baiskeli, boriti ya mti mkavu iliyotobolewa, na gunia tupu linalorudi na vumbi kidogo katika mshono wake, havipiti mbele ya mkaguzi.

Kuhusu dumuzi, hoja ya kuziba mpaka imekwisha pitwa na wakati, kwa kuwa yuko pande zote mbili. Lakini njia aliyoipita haikufungwa. Mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi, naye mzaliwa wa Amerika, aliripotiwa Tanzania, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuonekana Zambia. Safari hii mgeni hakungoja mahindi yafike ghalani, bali aliyala yakiwa shambani.

Kwa upande wa visiwani, mahindi na makopa yanayotoka Bara hushushwa bandarini pamoja na magunia yake. Waagizaji na wenye maghala wanashauriwa kufungua gunia moja katika kila shehena kabla ya kulipokea, kulimimina juu ya turubai katika mwanga, na kuangalia vumbi. Magunia matupu yanayotumiwa tena yachemshwe au yaanikwe juani yakiwa yamegeuzwa ndani nje, na mabaki ya msimu uliopita yatolewe na kuchomwa kabla nafaka mpya haijaingizwa. Mabanzi na nguzo za ghala zenye matundu madogo ya mviringo yanayotoa unga zibadilishwe. Mwenye kuona mdudu mwenye mwili uliokatwa nyuma anatakiwa amtie katika kichupa kilichofungwa na kumpeleka kwa bwana shamba wa eneo lake, akieleza gunia lilitoka wapi na lilipakiwa lini.